KARANI WA HESABU AKIBISHA MLANGO

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa reli na jamaa zao, Karatina. Yanapigwa chapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu.)



Tumezoea kukutana kwa habari za mshahara, likizo, nyumba na makoti ya mvua. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme habari ya hesabu. Si hesabu ya fedha za chama. Hiyo mweka hazina atawasomea baadaye. Ni hesabu ya watoto wetu na mama zao. Twasema juu ya ule uchunguzi wa nyumba kwa nyumba unaofanywa na Serikali kila baada ya miaka kadhaa, ili ijulikane watoto wanakula nini, wanakua namna gani, wangapi wanakufa, na akina mama wanaishi vipi.

Tumeichagua habari hii kwa sababu kazini yasikika maneno haya: "Karani wa hesabu akija kwangu, mwambieni sipo." Wengine wasema, "Mambo ya watoto ni ya akina mama, chama kina haja gani nayo?" Jibu letu ni fupi. Mtu asiyehesabiwa hupangiwa maisha yake na wale waliohesabiwa. Na chama kisichojua hesabu huenda mbele ya mwajiri na kelele tupu. Hilo ndilo tutakalolieleza leo, hatua kwa hatua.

ZAMANI TULIHESABIWA KWA KAZI GANI?

Hatuwalaumu wanaomwogopa karani. Babu zetu walikuwa na sababu. Karani wa kwanza kuja kuhesabu nyumba katika nchi hii, mwanzoni mwa miaka ya 1900, alikuja kwa ajili ya kodi ya nyumba. Alihesabu mapaa. Mwanamke aliingia katika daftari kwa sababu nyumba yake ilikuwa na paa la kulipiwa. Halafu kikaja kipande, kwa sheria ya mwaka wa 1915 iliyoanza kufanya kazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kipande kilivaliwa na mwanamume shingoni, kiandikwe kazi yake na bwana wake. Mwanamke na mtoto hawakuwamo kabisa, kwa kuwa hawakutakiwa shambani kwa mkataba. Ndipo mwaka wa 1948 watu wote wa Kenya walipohesabiwa kwa mara ya kwanza, Waafrika pamoja nao, wakapatikana zaidi ya milioni 5.

Sasa angalieni jambo hili linalowahusu wafanya kazi hasa. Mshahara wa chini wa siku zile ulipigiwa hesabu ya mwanamume mmoja aliye peke yake: unga wake, kuni zake, shati lake, blanketi lake. Mke hakuandikwa. Mtoto hakuandikwa. Walidhaniwa kuwa wako nyumbani Nyeri au Murang'a wakilishwa na shamba. Mwaka wa 1954 kamati ya Bwana Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika, ikaona kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kazi za watu binafsi walikuwa wakipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu. Ikasema mshahara yafaa upigwe kwa jamaa, si kwa kapera.

Ndugu, ule mshahara wa kapera haukutoka mbinguni. Ulitoka katika karatasi ya hesabu ambayo mama na mtoto hawakuandikwa. Mtoto asiyekuwamo katika hesabu hakuwekewa chakula katika mshahara wa baba yake. Kwa hiyo mtu akisema hesabu ya watoto si kazi ya chama, na akumbuke ule mshahara.

UCHUNGUZI WA SASA NI NINI?

Uchunguzi wa sasa wafanywa na Shirika la Takwimu la Taifa, lililowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2006. Si sawa na sensa. Sensa huhesabu kila mtu, nayo huja kila miaka kumi; ya mwisho ilikuwa mwaka wa 2019, tukawa watu milioni 47 na zaidi. Uchunguzi huchukua nyumba chache, lakini huuliza mambo mengi.

Mkubwa wao katika Kenya ni ule wa watu na afya. Ulifanywa mwaka wa 1989, kisha 1993, 1998, 2003, 2008 hadi 2009, 2014, na 2022. Hiyo ni mara saba. Uko pia ule unaosaidiwa na UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa. Mwaka wa 1990 wakuu wa nchi walikutana New York kwa ajili ya watoto, wakaahidi kupunguza vifo na njaa. Lakini ahadi isiyopimwa ni maneno tu. Basi kuanzia mwaka wa 1995 UNICEF ikazisaidia nchi kupima, na mpaka leo uchunguzi wa namna hiyo umefanywa katika nchi zaidi ya 100. Kwetu Kenya ulifanywa mwaka wa 2000, na baadaye kwa sehemu: mkoa wa Mashariki mwaka wa 2008, pamoja na jirani zetu wa Embu na Meru, vitongoji vya maskini vya Mombasa mwaka wa 2009, Nyanza mwaka wa 2011, Bungoma, Kakamega na Turkana mwaka wa 2013 hadi 2014.

Mtu atauliza: watawezaje kujua hali ya watoto wa nchi nzima bila kuingia kila nyumba? Wale waliofanya kazi ya bohari watajibu upesi. Behewa limefika na magunia ya mahindi. Mnunuzi hafungui magunia yote na kuyamwaga chini. Huchukua bambo, akachoma gunia hili na lile, akatoa punje kiganjani, akaangalia kama zina unyevu au dumuzi. Kwa viganja vichache amelijua behewa zima.

Lakini bambo lina masharti. Mnunuzi akichoma magunia yaliyo mlangoni tu, mwuzaji atapanga mahindi mazuri mlangoni na mabovu nyuma. Lazima magunia yachaguliwe kwa bahati, ya mbele, ya nyuma, ya juu na ya chini, na wala mwuzaji asimchagulie. Ndivyo wafanyavyo wenye takwimu. Mwaka wa 2022 walichagua maeneo 1,692 katika kaunti zote 47, mjini na mashambani, na katika kila eneo kaya 25. Kaya maana yake ni watu wanaokula chungu kimoja. Hakuna chifu wala mzee wa mtaa aliyechagua. Mwishowe kaya 37,911 zilijibu, na wanawake 32,156 wa miaka 15 hadi 49 walisema habari zao.

Kwa hiyo, ndugu, karani akija kwako hukuchaguliwa kwa sababu u tajiri au maskini, wala kwa sababu mtu amekuchongea. Bambo limeangukia gunia lako. Na ukijificha, karani hana ruhusa ya kwenda kwa jirani ili kuziba nafasi yako. Nafasi ile hubaki tupu. Katika nchi yenye kaya milioni 12, kaya moja iliyochaguliwa yasema kwa niaba ya mamia ya kaya nyingine. Ukifunga mlango wako umewafungia mamia.

WANAULIZA NINI, NA KWA SABABU GANI?

Huuliza kwanza nani alilala nyumbani usiku uliopita. Maji yatoka wapi. Choo ni cha namna gani. Sakafu ni ya udongo au saruji. Mnapikia kuni, makaa au gesi. Maswali hayo si ya umbea. Choo kibaya na maji machafu ndiyo yaletayo kuhara, na kuhara humwangusha mtoto mdogo kabla ya njaa.

Kisha mama huulizwa habari za uzazi wake. Kila mtoto aliyemzaa, alizaliwa lini, ni wa kiume au wa kike, yuko hai au amefariki, na kama amefariki alikuwa na umri gani. Swali hili ni zito. Tunawajua akina mama walioinamisha uso walipolisikia. Lakini fahamuni kwa nini laulizwa. Vifo vingi vya watoto wachanga haviandikishwi mahali popote. Mtoto huzikwa, na daftari la Serikali halijui kama alipata kuzaliwa. Kinywa cha mama ndicho daftari pekee alilobaki nalo mtoto yule. Mama akimtaja, amehesabiwa. Asipomtaja, ni kana kwamba nchi haikumpoteza mtu.

Halafu watoto walio chini ya miaka mitano hupimwa uzito na urefu. Hapa kuna jambo la maana ambalo wengi hawalijui. Mtoto akiwa mwembamba kwa urefu wake, huenda amepata njaa au maradhi ya juzi juzi. Lakini mtoto akiwa mfupi kwa umri wake, huko ni kudumaa, na hakuji kwa siku moja. Ni chakula kisichotosha, au kisicho cha namna mbalimbali, na maradhi ya mara kwa mara, kwa miezi mingi, pengine tangu tumboni mwa mama. Mtoto aliyedumaa aweza kuwa na mashavu ya kupendeza. Baba humwangalia akasema, "Huyu ni mfupi kama babu yake." Kipimo hakidanganywi na mashavu.

Wengine husema kipimo hicho ni cha Wazungu. Sivyo. Kipimo kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2006 kilipatikana kwa kupima watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ikaonekana kwamba mtoto mdogo akinyonya vizuri, akala vizuri na akatunzwa, hukua karibu sawasawa popote alipo. Mtoto wa Karatina hakuumbwa awe mfupi.

HESABU IMEONYESHA NINI?

Fundi wa njia ya reli hapimi reli mara moja akaridhika. Hupita tena na tena na kipimo kile kile, ili ajue palipolegea kabla gari halijaanguka. Faida ya uchunguzi iko hapo: maswali yale yale, miaka mbalimbali. Sikilizeni.

Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa 74 katika uchunguzi wa 2008 hadi 2009. 52 katika ule wa 2014. Na 41 katika ule wa 2022.

Watoto waliodumaa walikuwa 35 katika 100, kisha 26, kisha 18.

Akina mama waliozalishwa na mkunga aliyefundishwa, muuguzi au daktari, walikuwa 44 katika 100, kisha 62, kisha 89. Katikati ya miaka hiyo, mwaka wa 2013, Serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake. Hatusemi ni sababu moja tu, lakini twaona njia ilifunguka na watu wakapita.

Basi kuna mema, na yafaa tuyataje. Lakini wastani wa nchi ni kama wastani wa mishahara: bosi akiwekwa pamoja na mfagiaji, wote huonekana wana hali nzuri. Tangu mwaka wa 2014 uchunguzi huu hutoa hesabu ya kila kaunti, na hapo ndipo ukweli ulipojitokeza. Mwaka wa 2022, katika wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, waliokwisha kupata mimba hapa Nyeri walikuwa 5. Samburu, mbali kidogo tu na mwisho wa reli yetu ya Nanyuki, walikuwa 50. Watoto waliodumaa Kilifi walikuwa 37 katika 100, mara mbili ya hesabu ya nchi. Mtu wa reli hawezi kusema hayo ni ya wenyewe. Tunao wenzetu wenye jamaa Kilifi, na kesho waweza kuhamishiwa pwani wewe na watoto wako.

Kwa kuwa hospitali na zahanati ziko mikononi mwa kaunti tangu mwaka wa 2013, hesabu ya kaunti ni fimbo mkononi mwa raia. Twaweza kwenda Nyeri mjini kwa wakubwa wetu na kuuliza: hesabu ya mwaka huu ilisema hivi, ninyi mmetenga fedha gani?

Na lipo jambo moja la nyumbani mwetu. Shirika la Takwimu lilichunguza mwaka wa 2021 jinsi watu watumiavyo saa za siku. Mwanamke alionekana kutumia karibu asilimia 19 ya siku yake katika kazi za nyumbani na kulea zisizolipwa. Mwanamume hakufika asilimia 4. Maana yake ni saa nne na nusu hivi kwa mama, na chini ya saa moja kwa baba. Sisi twajua kudai malipo ya saa za ziada. Mama watoto afanya saa za ziada kila siku, na hana karatasi ya kuzijaza. Ilikuwa lazima aje karani wa hesabu ndipo saa zile ziandikwe.

WASIWASI WA WATU

Sasa tujibu wasiwasi tunaousikia.

Kwanza, kodi. Karani wa uchunguzi huu si wa kodi. Sheria ya takwimu yamkataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja kwa yeyote. Kinachotoka ni jumla: katika 100, wangapi. Akija, mtake akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi. Hiyo ni haki yako, na asiye nacho usimfungulie.

Pili, mila. Wazee wetu hawakupenda kuhesabu watoto hadharani, wala hata mbuzi. Wakifika kumi walisema "kenda mũiyũru", yaani tisa kamili, kama vile mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi wanavyosemwa kuwa tisa kamili ingawa walikuwa kumi. Twaiheshimu mila hiyo. Maana yake ilikuwa kumkinga mtoto asipatwe na jicho baya. Lakini siku hizi kilicho hatari kwa mtoto si jicho la karani. Ni zahanati isiyo na dawa kwa sababu hakuna aliyejua watoto wako wangapi. Kumhesabu sasa ni namna ya kumkinga.

Tatu, wanaume wenzetu wanung'unika kwamba mke aulizwa peke yake. Tuseme wazi. Yako maswali juu ya kupigwa nyumbani, nayo huulizwa mwanamke mmoja tu katika kaya, pasipo mtu mwingine kusikia, hata mama mkwe. Mbele ya anayempiga, nani atasema kwamba apigwa? Mwaka wa 2022 wanawake 34 katika 100 walisema wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Mwaka wa 2014 walikuwa 45. Imepungua, lakini bado ni mmoja katika kila watatu. Sisi ambao chama chetu chakataa mnyapara kumwinulia mtu mkono kazini, tutaunyamaziaje mkono huo nyumbani? Karani akiomba nafasi ya kusema na mama, toka nje, ukapasue kuni.

Nne, wako wasemao, "Walikuja, wakaandika, wakaenda, na mimi sikupata kitu." Ni kweli, karani haleti unga. Apimaye reli hanyooshi reli. Huandika palipopinda, na genge huja baadaye. Genge lisipokuja, kosa si la kipimo. Ni letu sisi tusioisoma taarifa na kuwauliza wakubwa.

Na tusiwasingizie akina mama. Mwaka wa 2022, katika wanawake 100 waliotakiwa kujibu, 95 walijibu. Katika wanaume 100 walijibu 87. Wanaojificha ni sisi.

HESABU ILIYOSIMAMA

Tumefika kwenye jambo la chama hasa.

Waganga washauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila uji wala maji. Katika uchunguzi wa 2008 hadi 2009, watoto wa umri huo walionyonya hivyo walikuwa 32 katika 100. Mwaka wa 2014 wakafika 61. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini mwaka wa 2022 walikuwa 60. Miaka minane, na hesabu haikusogea. Imesimama kama mabehewa yaliyofunguliwa injini.

Akina mama hawakusahau waliyofundishwa kliniki. Sababu ziko nyingi, lakini moja yatuhusu. Sheria ya kazi ya mwaka wa 2007 yampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Miezi mitatu na miezi sita, toeni wenyewe: inabaki mitatu. Katika miezi hiyo mama amerudi kazini saa mbili asubuhi, na mtoto yuko nyumbani na cucu au na msichana wa kazi. Atanyonya nini? Na huyo ni mama mwenye kazi ya kuandikwa. Mama wa kibarua, anayechuma chai, anayechambua kahawa au anayefagia kwa siku, hata hiyo miezi mitatu mara nyingi haioni.

Sasa sikilizeni vizuri. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 yamwamuru mwajiri kuweka mahali pa kunyonyeshea kazini, na kumpa mama nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, mpaka saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na mapumziko ya chakula. Ni sheria ya nchi, si ombi. Je, ninyi mlio hapa, mahali pangapi pa kazi mmekiona chumba hicho? Tumemwona mama akikamua maziwa chooni na kuyamwaga, kwa kuwa hakuna pa kuyaweka. Hatutaji mahali, maana tatizo ni la mahali pengi.

Hapa ndipo hesabu inapogeuka kuwa silaha ya mfanya kazi. Tukienda mbele ya mwajiri na kusema, "Akina mama wanataabika," atajibu, "Poleni." Tukisema, "Sheria ya 2017 yataka chumba, hesabu ya Taifa yaonyesha kunyonyesha kumesimama tangu 2014, na hapa kwako wako akina mama kadhaa wenye watoto chini ya mwaka mmoja, orodha hii hapa," hapo atalazimika kujibu tarehe.

NANI ATALIPA?

Neno moja la hatari. Uchunguzi ule wa watu na afya, hapa na katika nchi nyingine nyingi, ulikuwa ukisaidiwa kwa fedha za Serikali ya Marekani tangu mwaka wa 1984. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 fedha hizo zilikatwa. Kazi ikasimama katika nchi nyingi kwa neno moja lililotoka mbali.

Tunashukuru kwa waliotusaidia. Lakini haifai kipimo cha watoto wetu kiwe mfukoni mwa mgeni. Mwenye reli hukinunua kipimo cha reli yake mwenyewe. Kukosa kipimo si kukosa ajali. Ni kukosa kujua ajali iko wapi. Ikipita miaka kumi bila uchunguzi, watoto wataendelea kudumaa au kukua, na hakuna atakayeweza kumbishia mkubwa akisema mambo yote ni mazuri. Yafaa Bunge litenge fedha za uchunguzi huu kila mwaka, na vyama vya wafanya kazi viseme hivyo kwa sauti moja.

TUNALOPENDEKEZA

Twauomba mkutano huu ukubali mambo matano.

1. Kila mwanachama ambaye kaya yake itachaguliwa ataonana na karani, ataona kitambulisho chake, na atajibu kwa kweli. Aliye zamu atapanga saa nyingine ya kuonana naye.

2. Kila nyumba iweke pamoja kitabu cha kliniki na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Karani huandika chanjo na tarehe kutoka humo. Asiye na cheti cha mtoto aanze kukitafuta sasa.

3. Halmashauri ya tawi itafute taarifa ya kaunti ya Nyeri katika uchunguzi wa 2022, iisome kwa Kiswahili na Kikuyu katika mkutano wa wanachama, na akina mama waalikwe.

4. Tawi liandike orodha ya akina mama wafanyao kazi pamoja nasi, wa kuandikwa na wa vibarua, walio na watoto wachanga. Liulize kwa barua kila mwajiri wao: chumba cha kunyonyeshea kiko wapi, na kama hakipo kitafunguliwa tarehe gani.

5. Tawi liombe makao makuu ya chama yaungane na vyama vingine kuitaka Serikali iulipie uchunguzi wa watoto na akina mama kwa fedha za nchi.

Katika mambo haya, la nne ndilo litakaloonyesha kama tumeelewa. Hesabu za Taifa ziko tayari, sheria iko tayari. Orodha ya akina mama wetu haipo mpaka tuiandike sisi. Katibu anayo karatasi mezani na kalamu. Kabla hamjatoka, kila mmoja apite aseme: mahali pake pa kazi wako akina mama wangapi wenye watoto wachanga, na wananyonyeshea wapi. Akina mama wapite kwanza.